Mpini Una Jina, Makali Hayana

Waswahili wanapotaka kueleza ni nani mwenye nguvu katika jambo na ni nani wa kuumia, hutaja upanga: huyu kashika mpini, yule kashika makali. Katika maneno hayo machache mna watu wawili, na chuma kimoja kati yao. Kila upanga uliofuliwa kwa ajili ya vita unawahitaji wote wawili, wala haujaelezwa ukaelezeka iwapo mmoja wao ameachwa. Hata hivyo ipo elimu moja, nayo ni elimu ya kuzitambua na kuzikusanya panga za kijeshi za Kijapani za wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambayo kwa miaka 80 imestawi kwa kumsoma mshika mpini peke yake. Ni elimu ya uangalifu mkubwa, yenye subira na yenye macho makali. Swali linalostahili kuulizwa juu yake ni la kimaadili: je, mtu akishaujua upanga, kujua huko kunampa haki ya kuumiliki tu, au kunamtwisha na deni?

Panga hizo si za kale kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1876 serikali ya Japani iliwapiga marufuku watu wa tabaka la samurai kubeba panga hadharani, na jeshi jipya la nchi hiyo likachukua sura ya majeshi ya Ulaya, upanga wake ukiwa na mpini wenye upinde wa chuma wa kukinga vidole. Ilikuwa mwaka 1934, wakati moto wa utaifa umekwisha kupamba, ndipo jeshi lilipourudia umbo la kale: mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, uliofunikwa ngozi ya samaki taa na kuzungushiwa utepe. Upanga huo uliitwa wa aina ya 94, kwa sababu kwa hesabu ya Wajapani ya miaka tangu kuasisiwa kwa ufalme wao, mwaka huo ulikuwa wa 2594. Ukafuatiwa na aina ya 95 kwa ajili ya masajini na makoplo, kisha aina ya 98 ya mwaka 1938. Kwa hiyo upanga wa samurai uliobebwa Nanjing, Singapore na Bama ulikuwa kitu kipya kilichovishwa nguo za babu. Dola ilitaka askari wake wajione warithi wa mashujaa, ikawapa chombo cha kujitazamia.

Mkusanyaji anapouchukua upanga wa namna hiyo, halianzi bapa, hata likiwa linang'aa namna gani. Huanza kwa kutafuta kijiti kidogo cha mwanzi kilichopenya katika mpini. Akikigonga kikatoka, mpini huvuka, na shina la bapa, ile sehemu ya chuma inayokaa gizani ndani ya mpini, huonekana. Hapo ndipo penye siri. Upande mmoja wa shina aghalabu mna jina la mhunzi, na mara nyingine upande wa pili mna tarehe. Tarehe hiyo huhesabiwa kwa enzi ya mfalme: Showa mwaka wa 18, kwa mfano, ni 1943, kwani mwaka wa kwanza wa enzi hiyo ulikuwa 1926. Wapenzi wa tenzi hawatashangaa, maana nao wanaijua desturi ya mtunzi kuliweka jina lake na tarehe yake katika beti za mwisho, pale ambapo msomaji asiyefika tamati hawezi kupaona.

Baada ya jina huja alama. Panga nyingi za maafisa zilitoka katika mji wa Seki, ambako wahunzi walikuwa wengi tangu zamani, na wakati wa vita zilifuliwa kwa haraka, kwa chuma cha kiwandani kilichozimwa katika mafuta badala ya maji. Hizo hupigwa muhuri mdogo wa ukaguzi, na mwenye kujua huzitenga na panga zilizofuliwa kwa njia ya kale. Zipo zilizotoka katika kiwanja cha hekalu la Yasukuni mjini Tokyo, ambako kati ya mwaka 1933 na 1945 wahunzi walifua kwa mkono panga takriban 8,100. Zipo za kampuni ya reli ya Manchuria ya Kusini, zilizochorwa maneno yenye maana ya kuistawisha Asia kwa moyo mmoja. Panga za masajini nazo zilitolewa kiwandani kwa maelfu, na mipini yake mingi ilikuwa ya madini ya alumini, iliyosubiwa na kupakwa rangi ili ifanane na utepe. Bapa limeandikwa namba, na ala nayo imeandikwa namba ile ile. Namba zikitofautiana, mkusanyaji hutikisa kichwa: bapa na ala hazikuzaliwa pamoja.

Kisha huja mwenyewe. Kishada kinachoning'inia mpinini hueleza cheo: cha majenerali kilikuwa na rangi tofauti na cha makanali, na cha makanali tofauti na cha makapteni na maluteni. Kichwani mwa mpini mara nyingine hupachikwa nembo ndogo ya fedha, alama ya ukoo. Tena zipo panga, chache lakini zipo, ambazo hadi leo zimefungiwa kibao cha mti au kitambaa chenye maandishi: jina la afisa, kikosi chake na mji wa kwao. Vibao hivyo vilifungwa mwaka 1945, siku za kusalimu amri. Walioviandika walikuwa wakikabidhi mali, na katika nyoyo zao yaonekana walitumaini kwamba mali hiyo ingeweza kurudi.

Mtu akiyapanga yote hayo mezani, jina la mhunzi, tarehe, muhuri, namba, kishada, nembo na kibao, ataona jambo moja. Karibu yote yanatoka upande wa mpini. Chuma kimemhifadhi aliyekitengeneza, aliyekikagua, aliyekinunua na aliyekivaa. Makali hayakuhifadhi kitu. Hakuna muhuri wa mtu aliyeangukiwa na upanga, wala hakuna kibao chenye mji wa kwao.

Zamani, kabla ya zama za majeshi ya kisasa, palikuwa na desturi iliyokaribia kuivunja kimya hiyo. Panga zilijaribiwa juu ya miili ya watu waliohukumiwa kifo, na matokeo yakaandikwa katika shina, mara nyingi kwa dhahabu: umekata miili miwili, au mitatu. Lakini hata hapo aliyeandikwa kwa jina ni mjaribu. Waliokatwa wamebaki hesabu tu. Dhahabu ikatumika kuwahesabu watu ambao majina yao hayakuonekana kuwa na thamani hata ya wino.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 24 Oktoba 1943, katika ufukwe wa Aitape, New Guinea. Siku hiyo sajini wa Kiaustralia, Leonard Siffleet, alikatwa kichwa kwa upanga, na mmoja wa waliohudhuria akapiga picha. Picha hiyo ilipatikana mwaka 1944, ikachapishwa magazetini, na kwa muda ulimwengu uliamini kwamba aliyepiga magoti ni mtu mwingine, rubani aliyeuawa kwa namna hiyo hiyo mahali pengine. Kosa hilo lilikuja kusahihishwa. Ila hata baada ya kusahihishwa, wengi waionao picha hiyo hawajui kwamba Siffleet hakufa peke yake. Waliuawa naye wenzake wawili kutoka kisiwa cha Ambon, Pattiwal na Reharing. Kwa hiyo hata makali yanapopata bahati ya nadra ya kushuhudiwa na kamera, majina hukosewa, na ya wengine huachwa.

Pwani ya Afrika Mashariki haiwezi kuyasikia haya kama habari za walimwengu wa mbali. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi, na wakafa takriban watu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo walikuwamo askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa, iliteremka bonde la Kabaw huko Bama katika mvua, matope na homa, hadi ikafika Kalewa mwezi Desemba 1944. Ng'ambo ya mto na nyuma ya miti walikuwa maafisa waliobeba panga hizi hizi ambazo leo hupimwa kwa rula na kupigwa picha kwa ajili ya mnada. Katika vitabu vya wakusanyaji, kila kishada kina ukurasa wake. Askari wa Keya hana mstari.

Vita vilipokwisha, panga zilibadilisha mikono kwa amri. Mountbatten, mkuu wa majeshi ya washirika katika Asia ya Kusini-Mashariki, alishikilia kwamba maafisa wa Kijapani wakabidhi panga zao hadharani, mbele ya askari wao, ili asije mtu akasema kwamba jeshi lile halikushindwa. Jenerali Slim, ambaye chini ya Jeshi lake la 14 walipigana pia wale askari wa Afrika Mashariki, aliuchukua upanga wa Jenerali Kimura, kamanda wa Wajapani huko Bama, akauweka nyumbani kwake juu ya rafu ya mahali pa moto. Kimura alinyongwa Desemba 1948 kwa hukumu ya mahakama ya Tokyo. Maafisa na askari wa kawaida wa Marekani, Uingereza na Australia nao walipata panga zao, wakazisafirisha makwao. Miaka ikapita, wazee wakafa, watoto na wajukuu wakazikuta darini, wasijue walichokishika. Hapo ndipo mkusanyaji alipoingia na elimu yake.

Mkusanyaji huyo ana hoja zake, na hazistahili kudharauliwa. Hoja ya kwanza ni kwamba chuma hakina dhambi. Dhambi hutendwa na mkono, na mkono ule umekwisha kuoza. Tena panga nyingi katika hizi hazikumwaga damu kamwe; zilikuwa alama ya cheo, zikaburutwa sakafuni pa ofisi, zikapanda treni na kushuka. Kuuhukumu kila upanga kama muuaji ni dhuluma, hata kama anayedhulumiwa ni chuma. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake una mpaka. Asiyeweza kuthibitisha kwamba upanga uliua hawezi pia kuthibitisha kwamba haukuua. Kutojua hakugeuki kuwa usafi. Mwenye kuamua kwamba upanga wake ni safi kwa kuwa hapana ushahidi amejipa hukumu nyepesi kwa kesi ambayo mashahidi wake wote walikuwa upande wa makali.

Hoja ya pili ni ya uzuri. Katika panga zilizovishwa mavazi ya kijeshi yaliwekwa pia mabapa ya karne nyingi, urithi wa familia, yaliyofuliwa na mabingwa. Baada ya vita, jeshi la Marekani lilipokusanya silaha zote, ilikuwa karibu panga hizo zote ziangamizwe. Mtaalamu Homma Junji alifanikiwa kumshawishi afisa wa Kimarekani, Kanali Cadwell, kwamba zilizo kazi za sanaa zitengwe, na mwaka 1948 ikaundwa jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa za Japani. Ila si zote zilizookoka. Upanga mashuhuri wa Honjo Masamune, hazina ya ukoo wa Tokugawa, ulikabidhiwa katika kituo cha polisi cha Mejiro mjini Tokyo Desemba 1945. Mwezi uliofuata alipewa mwanajeshi wa Kimarekani, na tangu hapo haujaonekana. Nani atakataa kwamba, lau angelikuwapo siku hiyo mtu mwenye elimu ya kutambua, ulimwengu usingelipata hasara ile? Elimu hiyo basi ni ulinzi. Lakini mlinzi hutofautishwa na mwenye mali: mlinzi huulizwa.

Uzuri nao una hila yake. Huweza kulivuta jicho likae juu ya mawimbi ya bapa, lisiulize mawimbi hayo yalifuliwa ili yafanye nini. Na kuna wanaokwenda kinyume chake, wakatafuta damu badala ya uzuri. Mwaka 1937 magazeti ya Tokyo yaliwashangilia maluteni wawili, Mukai na Noda, kwamba katika safari ya kwenda Nanjing wanashindana nani atatangulia kuua watu 100 kwa upanga. Wote wawili walihukumiwa na kuuawa Nanjing mwaka 1948, na mabishano juu ya ukweli wa zile habari yalifika mahakamani Japani hata katika karne hii. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba habari zilichapwa, zikasomwa, zikafurahiwa. Muuzaji wa leo anayenong'ona kwamba upanga huu "umeonja damu", ili bei ipande, anauza furaha ile ile kwa mnunuzi mwingine. Huyu na yule anayefuta kila kumbukumbu ya vita ili abaki na sanaa tupu wanaonekana kama mahasimu, kumbe ni ndugu. Mmoja anamtumia maiti kama kiungo cha bei, na mwenziwe anamtoa chumbani ili asiharibu mandhari. Kwa wote wawili, mtu wa upande wa makali hana haki ya kuwa mtu.

Je, njia ni kurudisha? Upo mfano unaotajwa kwa heshima. Dakta Walter Compton, Mmarekani, alinunua upanga katika duka la vitu vya kale huko Atlanta. Alipouchunguza alitambua kwamba ni kazi ya Kunimune, mhunzi wa karne ya 13, na kwamba ulikuwa mali ya hekalu la Terukuni huko Kagoshima, uliopotea katika vurugu za baada ya vita. Mwaka 1963 aliurudisha, bila kudai malipo. Kinachopendeza katika kisa hiki ni mpangilio wake: deni halikumjia siku alipolipa fedha dukani. Lilimjia siku alipotambua. Kabla ya hapo alikuwa mnunuzi kama wanunuzi wengine. Baada ya hapo, kila siku ambayo upanga ungelikaa kwake ingelikuwa siku ya kuamua.

Lakini njia hiyo haiko wazi kwa kila upanga. Sheria ya Japani ya mwaka 1958 huruhusu panga zinazosajiliwa kama kazi za sanaa. Ule uliotolewa kiwandani wakati wa vita, ambao ndio ulio mwingi, hauna mlango wa kurudia. Ukiingia nchini huchukuliwa na kuharibiwa. Basi afisa aliyefunga kibao chenye jina la mji wake, akitumaini, alikifunga katika kitu ambacho mji huo hautakipokea. Na hata lau ungekipokea, urudishaji ungemlipa mshika mpini. Aliye upande wa makali angerudishiwa nini, na nani angeipokea?

Hapa ndipo lugha ya Kiswahili inapoleta neno lenye kufaa kuliko "mali", nalo ni amana. Mwenye mali hutenda apendavyo. Mwenye amana hukishika kitu kwa niaba ya mwingine, na asipokuwapo huyo mwingine, amana haigeuki kuwa halali yake. Uzito wake huongezeka. Mkusanyaji ambaye haiwezekani kwake kurudisha bado anaweza kuacha kuficha. Anaweza kukataa kukitenga kibao na upanga wake ili viuzwe mbalimbali kwa faida mara mbili. Anaweza kuandika, chini ya jina la mhunzi na cheo cha afisa, mstari wa tatu: wapi kikosi hiki kilipita, na kina nani walikuwa ng'ambo yake, kwa kadiri historia inavyojua. Na pale historia isipojua, anaweza kuuacha mstari huo uwepo, mtupu, ili atakayeushika upanga baada yake aone kwamba hapo pana mtu.

Wakusanyaji wenyewe wanayo kanuni ambayo humfundisha kila mwanafunzi siku ya kwanza: bapa linaweza kung'arishwa, lakini shina lisisafishwe kamwe. Ile kutu nyeusi iliyotanda gizani ndani ya mpini ndiyo inayothibitisha umri na ukweli. Anayeisugua, hata kwa nia njema, ameua ushahidi ambao hauwezi kufufuliwa. Kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya thamani, na wengi huifuata kwa ajili ya bei. Hata hivyo inajua jambo ambalo waliotunga huenda hawakulikusudia, kwamba si kila doa ni uchafu, na kwamba yapo madoa ambayo mwenye kuyaondoa hukifanya kitu kiseme uongo. Lililobaki ni kwa mwenye kuifuata kanuni hiyo mpinini kuitoa humo na kuipeleka hadi kwenye ncha.